Nyota za Makuti Machanga

Simu ilipoingia nilikuwa nimesimama mbele ya wenye nyumba za wageni wa Ukunda na Diani, watu wazima na heshima zao, nikiwafundisha namna ya kusherehekea Krismasi bila kuyaharibu mazingira. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, na naifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua katika pwani hii ya kusini. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli. Nimefanya kazi miaka kumi na mitano Ghuba, katika hoteli ambazo wengi wa wale waliokuwa wameketi mbele yangu wasingevuka hata mlango wa jikoni. Nyumba yangu ya Msambweni, yenye vigae vyekundu na matangi mawili ya maji ya mvua, niliijenga kwa jasho langu, bila mume na bila harambee. Nilikuwa nimefika kwenye ile sehemu ya somo langu ambayo watu huinua kalamu na kuandika, ninaposema kwamba pambo bora la Krismasi ni lile ulilonalo tayari, hata likiwa la plastiki, kwa sababu kitu kilichokwisha kutengenezwa kinapaswa kutumiwa mpaka kife. Simu ikatetemeka mezani. Nikaizima. Ikaita tena. Nilipoipokea, sauti ya mwanamke ilinijia bila salamu, na kwa Mdigo aliyelelewa vizuri, kukosa salamu ni msiba tayari. “Mbodze, mama hatunaye. Tunazika baada ya adhuhuri.” Alikuwa Mwanakombo. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka mingi, na hata hivyo niliitambua sauti yake upesi kuliko nilivyoitambua yangu mwenyewe nilipojibu, “Naja.” Nikawaambia wanafunzi wangu wapumzike, nikaingia kwenye gari langu nikaelekea Mwabungo, na njia nzima nilikuwa nafikiri juu ya sinia moja ya bati.

Sitawachosha kwa habari za ukoo wangu. Inatosha kusema kwamba mimi ni wa ndani, upande wa Kinango, kunakofugwa ng'ombe na kungojewa mvua, na kwamba mnazi kwetu tuliujua kwa nazi yake tu, ilipokuja sokoni ikiwa imekwisha kufuliwa makumbi. Nasema hili kwa sababu lina maana katika yatakayofuata. Nilifika Diani nikiwa na miaka ishirini na miwili na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki, niliyoipata kwa kufua mashuka ya watu Mombasa mchana na kusoma jioni. Hoteli iliyonichukua, ambayo sitaitaja, ilinichukua kama kibarua wa msimu, wa kutandika vitanda. Fikirini. Mwenye diploma anatandika vitanda, na wanaompa amri hawakumaliza hata kidato cha nne. Nilipotafuta mahali pa kulala nilielekezwa Mwabungo, kwa mjane mmoja wa Kidigo aitwaye Bi Mwanasiti, aliyekuwa na binti wa rika langu, huyu Mwanakombo, na chumba chenye nafasi ya kitanda cha pili. Alinitazama mlangoni na kile kibegi changu, nikamwambia, “Shikamoo.” Akasema, “Marahaba mwanangu, ingia, jua kali.” Hakuniuliza dini yangu mpaka siku ya tatu, na aliponiuliza, alitaka kujua tu kama kuna chakula nisichokula.

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala, na nimelala vyumba vyenye mashine za kupoza hewa na mazulia ya kuzamisha mguu. Kuta zilikuwa za udongo na mawe ya matumbawe, zimepakwa chokaa nusu. Paa lilikuwa la makuti, na asubuhi mwanga ulipenya kwa vitundu vidogo ukatua kwenye chandarua changu. Kulikuwa na harufu ya ukili mbichi, maana Mwanakombo alisuka mikeka, na harufu ya mafuta ya nazi ambayo mama yake aliyapika mwenyewe. Diploma yangu niliilaza chini ya godoro. Mwanakombo aliigundua siku ya kwanza alipofagia, na tangu hapo jina langu likawa Madamu Diploma. “Madamu Diploma, maji ya kuoga yamechemka.” “Madamu Diploma, kuku kaingia chumbani kwako, anataka kusoma.” Jioni tulikula uani, kwenye mkeka, sisi watatu kwenye sinia moja ya bati yenye maua mekundu ukingoni. Wali wa nazi, mchuzi wa papa mkavu, mchicha. Kwetu nilizoea kila mtu na bakuli lake, na mara ya kwanza sikujua mkono niuweke wapi. Bi Mwanasiti alivunja kipande cha samaki, kile kinono cha tumboni, akakisukuma kwa vidole mpaka upande wangu wa sinia, bila kunitazama, huku akiendelea kuzungumza habari nyingine. Kila siku alifanya vile. Sijapata kupendwa na mtu kwa namna ya kimya vile, na wakati ule nilidhani ni desturi tu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na minazi kumi na mmoja, iliyopandwa na marehemu mumewe. Ndiyo iliyomweka mjini, kama watu wanavyosema. Nazi aliuza, makuti alisuka akauza kwa wanaoezeka, mafuta alipika, vifuu alipikia. Nilijaribu siku moja kumsaidia kukuna nazi. Nikakaa juu ya mbuzi kama nilivyomwona Mwanakombo akikaa, nikajikuna kidole. Bi Mwanasiti akacheka mpaka akashika mbavu. “Hiyo diploma yako, mwanangu, haikufundishwa kukuna nazi?” Nikamwambia kwamba hoteli kubwa hutumia tui la kopo. Akaacha kucheka. Akasema, “Maskini. Wageni watoka mbali kote kule kuja kula kopo.”

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba Bwana Meneja alipotukusanya wafanyakazi wote kantini, ugali wetu na sukuma wiki vikipoa. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye haraka. Akasema wenye hoteli wanataka cheti cha hoteli inayojali mazingira, na kwamba wakaguzi watakuja wakati wa Krismasi wakati hoteli imejaa. “Mwaka huu sitaki kuona plastiki kwa hii hoteli. Hakuna baluni, hakuna hizo manyoya za kumetameta, hakuna ule mti. Nataka Krismasi ya kijani. Nani ako na wazo?” Baraka, mlinzi wa stoo, mtu mnene mwenye maneno mengi, akainua kijiko. “Lakini bosi, ule mti si uko tu huko stoo? Uko fiti, una miaka tisa, haujawahi omba maji.” Watu wakacheka. Meneja akasema, “Ule ni plastiki, Baraka.” Baraka akajibu, “Ni plastiki, ndio, lakini tushanunua. Sasa ukiutupa ndio utakuwa takataka. Ukiutumia ni mti.” Watu wakacheka zaidi. Mimi nikasimama. Niliona mlango ukifunguka mbele yangu na mtu mnene amekaa kizingitini. Nikasema, kwa sauti ya darasani, kwamba mtazamo wa ndugu yetu ni wa watu ambao hawajapata nafasi ya kusomea mambo haya, na kwamba dunia ya leo inataka malighafi za asili, zinazooza, zinazotoka hapa hapa tulipo. Nikapendekeza nyota za kusukwa kwa makuti. Baraka akaweka kijiko chini. “Sawa, madam,” akasema, na hakuniita tena kwa jina mpaka nilipoondoka pale. Leo nawafundisha watu maneno yake, yale yale, na wanaandika, na sijawahi hata siku moja kumtaja.

Kwa nyota nzuri, kuti lililokomaa halifai. Ni la kijani, gumu, likikauka linajikunja. Linalofaa ni lile kuti changa lililosimama katikati ya kichwa cha mnazi kama mkuki, halijafunguka bado, jeupe kama siagi na laini kama utepe. Mwanakombo ndiye aliyenionyesha, kwa kuchezea kipande alichokiokota. Nilipomweleza Bi Mwanasiti kwamba nataka makuti yale ya kusukia nyota na malaika, alikaa kimya kidogo akichambua mchele. Sikujua kwamba kimya kile kilikuwa jibu. Mtu wa pwani wa malezi yale hamwambii mgeni wa nyumba yake hapana. Anakaa kimya ili mgeni ajikatalie mwenyewe. Mimi nikangoja, nikitabasamu. Mwishowe akasema, “Haya. Malaika sisuki, hao mwachie Mungu mwenyewe. Nyota nitakusukia.” Akamwita Ngare, kijana mgema aliyepanda minazi ya nusu ya kijiji, akamwambia mbele yangu, kila neno kwa mahali pake, “Moja tu kwa kila mti, Ngare. Mnazi ukikatwa lile la kati mara moja hulia, kisha hunyamaza. Ukikatwa mara ya pili kabla haujapona, umefunuliwa kichwa.” Ngare akasema, “Naam, mama.” Akapiga bismillahi akapanda. Siku nne walisuka, Bi Mwanasiti, Mwanakombo na majirani wawili, uani, na nyota zile zilikuwa kitu cha ajabu. Jirani mmoja akasema, “Wakristo watatushukuru.” Bi Mwanasiti akasema, “Mtoto wangu ndiye anayefanya kazi, siyo Wakristo.” Mtoto wangu. Nililisikia neno lile nikalipita kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Bwana Meneja alizinyanyua nyota zile juu ya taa, akazigeuza. “Hii! Hii ndio kitu nilikuwa nataka. Lakini ni kidogo sana, Mbodze. Mimi nataka dari yote ya ukumbi wa chakula, na mti wa kusimama mpaka juu, wote hivi. Iko siku kumi. Utaweza, ama nitafute mtu mwingine?” Kisha akaifungua droo yake akanionyesha karatasi iliyopigwa chapa, yenye jina langu. Ajira ya kudumu, msimamizi msaidizi. “Imebaki sahihi tu.” Nimekutana na watu wengi wenye madaraka tangu siku ile, Waarabu, Wahindi, Wazungu, na sijaona mmoja aliyejua kulionyesha jambo kwa mtu mwenye njaa kama yule. Nikasema nitaweza.

Wiki ile ile Bi Mwanasiti alipata habari kwamba dada yake Kikoneni yuko mahututi, akaondoka na Mwanakombo. Aliniachia ufunguo, mchele na samaki wa kukaanga chini ya kawa. Akaniambia, “Nyumba ni yako.” Kesho yake asubuhi, kabla ya zamu, nikamwita Ngare. Alisimama chini ya mnazi wa kwanza, kamba mkononi, asipande. Mgema wa kule hapandi mnazi wa mtu bila kauli ya mwenyewe. Hata nazi moja ya dawa, hata akiwa ndugu, hapandi. “Mwenyewe amesema?” akaniuliza.

“Amesema.”

“Amesema lini, dada? Juzi tu kaniambia moja, basi.”

“Amesema kabla ya kuondoka. Kwani hunijui mimi, Ngare? Mimi si wa nyumba hii?”

Akapanda. Akiwa juu akaniita, “Lililochipuka ni fupi. Nikitaka urefu unaoutaka wewe itanibidi niingie ndani, karibu na shaha.” Shaha ni moyo wa mnazi, ile nyama nyeupe ya kileleni ambamo kila kuti na kila kole la nazi hutokea. Nilijua kwamba ipo. Sikujua, wala katika diploma yangu haikuwamo, kwamba hakuna nyingine. Kwetu mti ukiukata unachipua. Muhogo unachipua, katani inachipua, hata mgunga walioutafuna mbuzi unachipua. “Ingia,” nikamwambia. “Mnazi si muhogo, dada. Hauna tawi. Una kichwa kimoja kama mimi na wewe.” “Ingia, Ngare, nachelewa kazini.” Akaingia. Alikata minazi saba namna ile, kila mmoja kwa kisu kilichozama, na vipande vyeupe vikaanguka miguuni mwangu vikinukia utamu. Akateremka mnazi wa saba, akanawa mikono kwenye pipa, akajifunga kamba yake kiunoni. “Hiyo minne iliyobaki, panda wewe na diploma yako.” Nikakusanya makuti nikaenda nayo hotelini, nikawasukisha wenzangu wa kutandika vitanda nyota kama nilivyoona zikisukwa. Zilikuwa mbaya kidogo. Kwa mbali hazikujulikana.

Krismasi ile ilikuwa nzuri, na siwezi kusema uongo juu yake. Dari zima la ukumbi lilikuwa jeupe, nyota zikizunguka kwa upepo wa mapangaboi, na mti umesimama katikati, fito zimevishwa makuti kutoka chini mpaka juu. Wakaguzi walipiga picha. Mzungu mmoja mzee alilia. Kwaya ya wafanyakazi iliimba, na mimi nilisimama mlangoni na sare mpya ya msimamizi, maana barua ilikwisha kutiwa sahihi siku moja kabla. Bwana Meneja alitoa hotuba akasema kwamba wazo lile lilimjia alipokuwa akitembea ufukoni asubuhi moja. Watu wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Nilijiambia kwamba barua ninayo, na barua ndiyo kitu. Nilitazama upande wa jikoni nikamwona Baraka ameegemea ukuta, ananitazama mimi, si mti. Hakuwa akicheka.

Asubuhi ya pili yake nilirudi Mwabungo na keki ya matunda niliyofungiwa kwenye kikapu cha makuti yale yale. Bi Mwanasiti na Mwanakombo walikuwa wamerejea, yule mgonjwa wa Kikoneni kapata nafuu. Uani kulikuwa na majirani sita au saba wamesimama, na mzee wa mtaa, na Ngare katikati yao kama mtu aliyekamatwa. Vichwa vyote vilikuwa vimeinuliwa juu. Mzee wa mtaa alikuwa akisema, “Kijana, unapanda mti wa mjane hali mwenyewe hayupo? Huu ni wizi, na tena ni ukatili.” Ngare akaniona. Hakuninyooshea kidole. Alisema tu, “Muulizeni dada huyu. Aliniambia mama karuhusu.” Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama na keki. Ningeweza kusema kweli, maneno mawili tu, nilidanganya. Nilifikiria barua. Nilifikiria kwamba kijiji kikijua kitanifukuza, hoteli itasikia, na sare nitaivua kabla sijaifua hata mara moja. Nikamtazama Bi Mwanasiti, na yeye alikuwa akinitazama kwa uso ambao mpaka leo naweza kuueleza kila mkunjo wake. Akasema, “Mwacheni Ngare. Nilisema mimi.”

“Wewe Mwanasiti?” mzee wa mtaa akauliza. “Mara ya pili? Na unajua?”

“Nilisema mimi. Minazi ni yangu. Tawanyikeni, nina nguo za kufua.”

Wakatawanyika. Ngare aliondoka bila kunitazama. Sikumshukuru Bi Mwanasiti. Nilidhani kwamba ikiwa nitamshukuru nitakuwa nimekiri, nami nilikuwa hodari wa kutokiri. Nikaingia ndani nikaweka keki juu ya kabati. Jua lilipoanza kupungua ukaja wakati wa kula, nikatoka uani nikiwa nimekwisha kunawa mikono, nikakuta mkeka umetandikwa na sinia iko mbele ya Mwanakombo na mama yake. Kando, juu ya kigoda, palikuwa na sahani nyeupe ya udongo, moja ya zile zilizokaa kabatini kwa ajili ya wageni, imepakuliwa wali vizuri, samaki kwa juu, na kijiko. Bi Mwanasiti akasema kwa upole wote, “Karibu, mgeni.” Na samaki alikuwa kipande kizuri. Hakuninyima chochote. Kuanzia siku ile mpaka nilipoondoka, mwezi Agosti, nilikula kwenye sahani ile, kwa kijiko kile, na kila siku alinikaribisha. Hakunipandishia sauti hata mara moja. Ningelipa chochote anitukane.

Baada ya Mwaka Mpya nyota zilikauka zikageuka rangi ya chai, na Bwana Meneja akasema zinaonekana chafu. Zilichomwa nyuma ya jikoni pamoja na chupa za plastiki na masanduku. Krismasi iliyofuata, nilipata kuambiwa nikiwa ng'ambo, Baraka aliutoa ule mti wa plastiki stoo akaufuta vumbi. Cheti walikuwa nacho ukutani tayari. Minazi ilichukua muda zaidi. Mnazi haufi siku moja. Kwanza makuti ya nje yalikaa kijani kama kawaida, nikaanza kujiambia kwamba watu walikuwa wameongeza chumvi. Kisha chonga wakaingia kwenye vile vidonda, wale mende wakubwa weusi wenye pembe, na kila asubuhi tulikuta unga wa mti chini ya shina. Mvua za masika zikajaza maji vichwani mwao, vikaoza. Makole yakaanguka na nazi changa zisizofaa hata kwa mtoto. Kufikia Juni minazi saba ilikuwa nguzo, haina kitu juu. Ile minne aliyoikataa Ngare ikabaki. Na kijiji, kwa kuwa Bi Mwanasiti alidai ni yeye aliyeruhusu, kikampa jina. Mjane wa Kiislamu, mwenye kuswali swala tano, aliyekata minazi ya marehemu mumewe kwa ajili ya sikukuu ya Wakristo. Bi Krismasi. Nililisikia mara ya kwanza kisimani. “Bi Krismasi, mwaka huu wakata nini, nyumba?” Wanawake wakaangua kicheko. Bi Mwanasiti alijitwika ndoo yake akasema, “Mwaka huu nimepumzika.” Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina diploma na ajira ya kudumu, na sikufungua kinywa.

Barua ya hoteli ile ndiyo iliyonipeleka Ghuba. Kila nilichonacho kinatoka kwenye ile droo. Sijutii kufanikiwa, na msinitake nijifanye. Nimesomesha watu, nimejenga, nimerudi nikiwa na jina. Nilimtumia Bi Mwanasiti vitu kila mwaka, vitambaa, dawa, mara moja hata miche ishirini ya minazi ya kisasa mifupi inayozaa upesi. Vitambaa alivipokea. Miche, niliambiwa, aliigawa kwa majirani, mche mmoja mmoja, kwa wale wale waliomwita jina.

Nilifika Mwabungo wamekwisha kumsalia. Wanaume walikwenda kuzika, sisi wanawake tukabaki ndani na uani, na chuo, yaani Kurani, kikisomwa. Paa sasa ni la mabati. Minazi ile minne ingalipo, mirefu mno, na kati yake kuna mapengo ninayoyajua kila moja mahali pake. Nilikuwa nimenunua njiani magunia mawili ya mchele na ndoo ya mafuta, vijana wakateremsha kutoka garini, watu wakaona. Wanaume waliporudi chakula kikatolewa, masinia makubwa, wanawake wakajipanga sita sita kwenye mikeka. Karibu yangu kulikuwa na wasichana waliozaliwa baada ya mambo yale. Mmoja akasema, huku akifuta macho kwa ukingo wa leso, “Wallahi tutamkumbuka, Bi Krismasi wetu. Kwani ilikuwaje hasa, ile habari ya minazi?” Mwingine akaanza kumsimulia, kwa raha, kama hadithi inayosimuliwa mara nyingi, jinsi marehemu alivyoingiwa na wazimu wa sikukuu isiyo yake. Wakacheka kwa sauti ya chini, kicheko cha upendo, na kwangu kile kilikuwa kibaya zaidi kuliko kile cha kisimani.

“Hakusema yeye,” nikasema.

Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa sauti ile ile ninayotumia mbele ya wenye nyumba za wageni. “Bi Mwanasiti hakuruhusu minazi ile ikatwe. Alikuwa Kikoneni. Nilimdanganya Ngare, na mama yenu akanifichia. Mimi ndiye niliyeiua.” Mkeka mzima ukanigeukia, kisha mikeka ya jirani. Mwanamke mzee akasema, “Lahaula.” Msichana aliyekuwa akisimulia alikuwa ameshika tonge, hakujua alipeleke wapi. Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda mtu anitukane, labda mtu asogee kidogo, kwa maana kwenye sinia ile palikuwa na watano, na nafasi ya wa sita ilikuwapo.

Mwanakombo alitoka jikoni. Amenenepa, ana mvi, anatembea kama mama yake. Alikuwa amesikia. Alikuja mpaka nilipokuwa nimekaa, akainama akaweka kigoda, na juu ya kigoda sahani nyeupe ya udongo, wali, kipande kizuri cha samaki, na kijiko. “Najua,” akaniambia, taratibu, ili wengine wasisikie. “Tangu siku ile najua. Mama alinikataza nisikuulize. Alisema utasema mwenyewe, yeye akiwa hai bado kukusikia.” Akakigeuza kijiko, mpini ukaelekea upande wangu. “Kula, mgeni. Chakula kinapoa.”